Msisubiri apate mimba ndipo mumpe dawa ya damu: barua ya wazi kwa Mawaziri wa Afya, Elimu na TAMISEMI

Waheshimiwa Mawaziri,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu wa malezi katika shule ya sekondari ya kata huku Kanda ya Ziwa, moja ya zile ambazo mwanafunzi akitaka kuwahi namba lazima atoke kwao giza halijaondoka. Nawaandikia nyote watatu kwa makusudi. Nikimwandikia mmoja nitaambiwa niende kwa mwenzake: kidonge ni cha Afya, mwanafunzi ni wa Elimu, shule na zahanati ni za TAMISEMI. Na binti ninayetaka kumzungumzia amekwama hapo hapo katikati.

Mtoto akizaliwa anafunguliwa kadi. Mama anambeba mgongoni kila mwezi, wanamning'iniza kwenye mzani, anachanjwa, anapewa matone ya vitamini A na dawa ya minyoo. Akitimiza miaka mitano kadi inakunjwa, inatiwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na vyeti vingine vya nyumbani, basi. Kadi ya pili atafunguliwa siku atakapofika kliniki akiwa na mimba. Siku hiyo atatobolewa kidole apimwe damu, atapewa vidonge vya kuongeza damu, dawa ya minyoo, dawa ya kumkinga na malaria, na chandarua. Sina ugomvi na huduma hiyo hata kidogo. Nashangaa tu kwamba karibu kila kilichomo alikihitaji tangu alipovunja ungo, na hatukumpa. Tulikuwa tunasubiri nini?

Hata kwenye kuhesabiwa hayumo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 42 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini Tanzania wana upungufu wa damu. Ule wa 2015-16 ulikuta asilimia 45. Shirika la Afya Duniani linasema nchi ikifikia asilimia 40, hilo ni tatizo kubwa la afya ya jamii, na sisi tumelivuka hilo kwa miaka na miaka. Lakini tazameni ni akina nani waliopimwa: watoto wa chini ya miaka mitano, na wanawake kuanzia 15. Binti wa miaka 12, 13 au 14, yule wa darasa la saba na kidato cha kwanza, hakuna aliyemgusa kidole. Anarefuka kwa kasi ambayo hajawahi kuwa nayo tangu alipokuwa mchanga, ameanza kutoka damu kila mwezi, na kitabu chetu cha takwimu hakina neno juu yake.

Niwaeleze anavyoonekana, maana ugonjwa huu haupigi hodi. Kwanza ataitwa mvivu. Kipindi cha pili anasinzia, swali likiulizwa anashtuka. Mwalimu wa michezo atalalamika kwamba anajificha chooni. Akikimbia nusu uwanja anashika kifua, moyo unamwenda mbio. Kisha chaki zinaanza kupungua kwenye boksi. Walimu wa kiume hudhani zinaibwa za kuchezea. Zinaliwa. Mwingine anatafuna mchele mbichi, na ukimpekua mfuko wa sketi utakuta punje. Mwingine anatafuna udongo ule unaouzwa gengeni kwa wajawazito. Akina mama huona ni tabia mbaya na kuwachapa. Wauguzi wanajua kwamba hamu ya namna hiyo mara nyingi ni ya mwili uliopungukiwa madini ya chuma, na kwamba udongo wenyewe ukifika tumboni unazuia hata kile kidogo kilichopo kisifyonzwe.

Kuna binti wa kidato cha pili aliyeanguka mstarini siku ya Jumatatu, wimbo wa taifa haujaisha. Wenzake wakarudi nyuma wakisema mapepo, na mwalimu mmoja akataka aitwe mtu wa kumwombea. Nikamvuta ukope wa chini. Ndani kulikuwa kweupe kama karatasi, na viganja vivyo hivyo. Zahanati ya karibu walimpima malaria kwa kipimo cha haraka, wakakuta hana. Kipimo cha wingi wa damu hakikuwepo, wakatuambia akanywe juisi ya rozela na maji ya matembele. Tukapanda bodaboda, yeye katikati, mimi nyuma nikimshikilia asidondoke, mpaka kituo cha afya cha kata nyingine. HB yake, yaani kiwango cha wingi wa damu, ilikuwa chini ya 7. Kwa umri wake ilitakiwa isipungue 12, na ikishuka chini ya 8 wataalamu wanaita upungufu mkali. Mganga akamuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza, si nyumbani si shuleni: ukiingia kwenye siku zako unakaa siku ngapi? Akasema nane, mara nyingine tisa, na kitambaa kinaloa kabla kipindi hakijaisha. Alidhani wasichana wote ndivyo walivyo. (Kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike iliondolewa 2018, ikarudishwa 2019. Hilo lina barua yake.)

Alitibiwa, yuko darasani. Wanaonikosesha usingizi ni wale wenye 9 na 10, ambao hawaanguki. Hao hawafikishwi popote. Wanamaliza kidato cha nne wakiwa wamechoka, wanapata sifuri, tunasema hawakujituma.

Damu ya watoto hawa inapotea kwa milango mingi kwa pamoja. Safura, mnyoo wa tumboni, inapenya kwenye ngozi ya unyayo, na wao wanakwenda peku kisimani, shambani na kwenye majaruba ya mpunga. Ikishafika utumboni inang'ata na kunyonya, siku baada ya siku. Utafiti uliofanywa Pemba kwa watoto wa shule miaka ya 1990 ulionyesha wazi jinsi mnyoo huo unavyomaliza chuma mwilini mwao. Kichocho nacho, sisi wa kando ya ziwa na mabwawa hatuhitaji kuhadithiwa. Malaria inavunja chembe za damu. Selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu, iko kwenye familia nyingi za ukanda huu, na wapo wanaofika sekondari bila kujua wanayo.

Serikali inajua haya na imefanya mengi. Siku ya kumeza dawa za kichocho na minyoo katika shule za msingi naikumbuka vizuri, nilikuwa nafundisha huko: uji unapikwa asubuhi na mapema ili wasimeze na njaa, wanapanga foleni kwenye fimbo ya kupimia urefu, mwalimu anasoma rangi na kutoa idadi ya vidonge. Kazi ile inakwenda vizuri. Ila kampeni inalenga shule za msingi. Binti akivuka kuja kwangu kidato cha kwanza, safura anakuja nayo, fimbo inabaki kule.

Nije kwenye chakula, kwa sababu kila nikilitaja jambo hili kwa afisa yeyote jibu la kwanza ni kwamba tuhamasishe wale mboga za majani. Waheshimiwa, wanazila. Mlenda, mchicha, majani ya kunde, matembele: hicho ndicho kitoweo cha kila siku cha mtoto wa mkulima, pamoja na michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, msimu wa njaa ukiingia. Chuma kilichomo kwenye majani na nafaka mwili unakifyonza kidogo sana ukilinganisha na cha nyama, maini au samaki. Akishushia na chai ya rangi ndiyo kinakwama zaidi. Tunakaa kando ya ziwa lenye dagaa, lakini dagaa wengi wanaishia kwenye chakula cha kuku, na bei yake gengeni inapanda. Nyama ni ya sikukuu, na hata siku hiyo finyango kubwa hazimfikii binti.

Mnayo pia sheria ya unga. Kanuni za kuongeza virutubishi kwenye vyakula zilitoka 2011, unga wa ngano na wa mahindi utiwe chuma na foliki, vitamini inayosaidia kujenga damu, kiwandani. Ni jambo jema kwa anayenunua unga wa mfuko. Huku kwetu mtu anajitwika debe lake la mahindi mpaka mashineni, anakoboa, anasaga, anarudi na unga wake. Hakuna aliyeongeza kitu njiani. Na katika kukoboa ili sembe iwe nyeupe, sehemu ya madini yaliyokuwemo imebaki kwenye pumba, ameipata nguruwe.

Ninachoweza kukifanya shuleni bila kibali cha mtu nakifanya. Nawaambia chai wainywe mbali na mlo. Nawaambia wakamulie limau au watie ukwaju kwenye mboga, kwa kuwa uchachu huo unasaidia chuma kufyonzwa, na kwamba rozela ya bibi zao haikuwa upuuzi. Mpishi wetu sasa analoweka mahindi na maharage ya makande usiku kucha, nayo inapunguza kile kinachokifunga chuma kwenye nafaka. Watafiti wetu wa kilimo wameshatoa mbegu za maharage yenye chuma na zinki nyingi. Ningefurahi kuziona kwenye shamba la shule. Lakini makande yenyewe yanategemea michango ya wazazi, na mwezi wa pili, akiba nyumbani imekwisha na mavuno bado, sufuria haiinjikwi. Binti aliyetoka kwao bila kunywa chochote anarudi saa kumi jioni bila kula chochote. Mwenye HB 9 hawezi kupandishwa na limau.

Kwa hiyo naomba kidonge. Kimoja kwa wiki, kila msichana aliyevunja ungo, shuleni, siku moja inayojulikana. Sijakitunga mimi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kidonge cha miligramu 60 za chuma na miligramu 2.8 za foliki mara moja kwa wiki pale ambapo upungufu wa damu kwa wanawake wa umri wa kuzaa umefika asilimia 20. Sisi tuko mara mbili ya hapo. Kwa kiwango chetu shirika hilo linazungumzia hata dozi ya kila siku kwa miezi mitatu mfululizo kwa mwaka. Naomba cha wiki kwa kuwa kinawezekana. India ilikipeleka mashuleni nchi nzima kuanzia 2013. Ghana ilianza 2017 kwa mikoa minne, mwalimu anagawa, mtoto anameza mbele yake, na walipopima baada ya mwaka wa masomo upungufu ulikuwa umeshuka. Kwa binti mmoja, hata mkimhesabia na vya likizo, ni vidonge 52 kwa mwaka. Mjamzito anameza idadi hiyo kabla ya miezi miwili kwisha.

Na msiniambie shule hazifikiki. Chanjo ya HPV, ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, tangu 2018 imefika kwenye shule ambazo gari la mkaguzi halijafika. Vyandarua tumevigawa shuleni. Miradi ya wafadhili pia imepita mikoani na habari za lishe ya vijana balehe, mingi mizuri. Shida yake ni kwamba mradi ukiisha, boksi la mwisho la vidonge linaisha nao, na mabango yanabaki ukutani.

Najua pingamizi zitakazotolewa mezani, na nyingine ni za kweli.

La malaria ni la kweli. Wataalamu wanaonya kwamba kwenye ukanda wa malaria, chuma kitolewe pale ambapo kinga, vipimo na matibabu vipo. Basi vipimo vya haraka na dawa ya mseto visikose zahanati, na chandarua kifike mpaka kwa binti wa kidato cha tatu. Hayo ni mambo mliyokwisha kuyaahidi hata bila kidonge. La selimundu nalo ni la kweli: mwenye ugonjwa huo, hasa aliyewahi kuongezewa damu, asimezeshwe chuma kwa mkumbo, apelekwe kliniki yake akaamuliwe huko. Hilo linahitaji mhudumu wa afya aje mwanzoni mwa mwaka apime na kuuliza, na atakachokikuta kitatufaa kwa mengi mengine.

Gumu zaidi ni uvumi. Wazazi watasema ni vidonge vya uzazi wa mpango. Walisema hivyo hivyo kwa HPV, kwamba inafunga kizazi, na baba mmoja alikuja na fimbo kumchukua bintiye kwenye foleni. Mtoto wa kwanza atakayepata choo cheusi au kichefuchefu baada ya kumeza, habari itafika minadani kabla ya jioni. Dawa ya hilo ni kuwatangulia: mkutano wa wazazi kwanza, shehe na mchungaji wakae mbele, muuguzi aseme waziwazi kwamba choo kitakuwa cheusi na kwamba haidhuru, na mmoja wenu aseme redioni kwa lugha ya kueleweka. Mkianza na kidonge ndipo mfuate na maelezo, mmeshachelewa.

Watakaosema walimu wana mzigo mkubwa hawakosei. Lakini mwalimu anayeitwa kila wiki kumwinua mtoto aliyeanguka mzigo huo anao tayari.

Kuhusu fedha, niruhusuni niseme jambo moja lililonikaa moyoni. Halmashauri zimeagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa ajili ya lishe ya kila mtoto wa chini ya miaka mitano, na wakuu wa mikoa wanasaini mikataba ya lishe na kupimwa kwayo. Utaratibu huo umewafanya maofisa lishe wasikilizwe kwenye vikao ambavyo zamani walikuwa wanakaa nyuma. Ninachouliza ni kwa nini hesabu inakomea miaka mitano. Ajenda ya kitaifa ya kuwekeza katika afya na maendeleo ya vijana balehe iliweka lishe kuwa moja ya nguzo zake sita. Nguzo isiyo na fungu la fedha kwenye bajeti ya halmashauri huwa haisimami. Tengeni kiasi kwa kila msichana wa miaka 10 hadi 19, mkitie kwenye mkataba ule ule, mkuu wa mkoa aulizwe habari zake pale pale anapoulizwa za udumavu. Tena hao wanaodumaa wanazaliwa na nani? Utafiti ule wa 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshawahi kupata mimba. Wengi wa akina mama hufika kliniki mimba imeshavuka miezi mitatu. Anayeanza na damu pungufu, miezi iliyobaki haimtoshi kujaza, na siku ya kujifungua damu ambayo mwenzake angeipoteza akasimama inaweza kumuua yeye.

Wapo pia wasiokuja shuleni kabisa, waliomaliza la saba wakabaki kuchunga wadogo zao, wanaouza vitumbua mnadani, walioolewa. Hao sina mkono wa kuwafikia. Mnao wahudumu wa afya ngazi ya jamii, mpango wao mliuzindua upya 2024. Wanapita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani mjamzito na nani ana mtoto mchanga. Waongezewe swali la tatu.

Shule zinafungua Januari. Kabla ya hapo naomba waraka mmoja wenye sahihi zenu tatu: Afya ieleze dawa, dozi na nani asipewe, Elimu iitie kwenye ratiba, na kampeni ya minyoo na kichocho ipandishwe hadi sekondari, TAMISEMI iagize halmashauri zinunue vidonge kutoka Bohari ya Dawa na kila zahanati iwe na kipimo cha HB kinachofanya kazi. Bila waraka hakuna mkuu wa shule mwenye akili zake atakayethubutu kumpa mtoto wa mtu kidonge, na mimi simlaumu. Kwa upande wetu, rejesta ya majina nimeshaichora kwenye daftari kubwa, kabati lenye kufuli lipo ofisini kwangu, na siku tuliyokubaliana na mpishi ni Jumatano, baada ya makande. Zile Jumatano ambazo makande hayatakuwepo atapika uji.

Wenu katika kazi ya kulea,

Mwalimu wa malezi
Shule ya sekondari ya kata, Kanda ya Ziwa